Shubiri Moja Nyuma

Bwana harusi aliisogeza picha hadi puani
kama anayesoma tarakimu za Luku gizani.
"Mchiwa," akasema, "sura ya mke wangu
mbona kama imechemshwa?"

Sikujibu. Nilikwisha kuziona usiku kwenye kompyuta,
picha mia tatu na arobaini, zote zimelegea,
uso wa Yunisi laini kama uji uliokosa moto.
Na nusu ya malipo yangu ilikuwa bado mfukoni mwake.

Nikaanza kuushuku mkono wangu.
Labda ni chai ya rangi, labda ni umri.
Nikabana viwiko mbavuni, nikazuia pumzi,
kasi ya shata nikaipandisha: mia na ishirini, mia tano, elfu.
Kwa elfu hata kuku anayefukuzwa husimama hewani.
Kuku alisimama. Kope hazikusimama.

Nikaulaumu upepo. Dodoma upepo umezoea kulaumiwa.
Nikalaumu vumbi la malori ya mahindi,
yale yanayoshusha usiku kucha hapa Kibaigwa
mpaka mkate wa asubuhi unakuwa na mchanga.
Nikakivua kioo cha ulinzi, cha elfu nane, chenye mikwaruzo,
nikaiacha lenzi uchi kama mtoto anayeogeshwa.
Hakuna kilichobadilika.

Lechipya, mpima viwanja, akaniazima miguu yake mitatu.
Haikuoana na kamera. Tukaifunga kwa mpira wa baiskeli,
tukacheka, tukapiga.
Ukungu ule ule, ila sasa umetulia.

Nikabana tundu la lenzi hadi kumi na moja:
kope zikachungulia, kwa mbali,
kama mgeni aliyebisha hodi na kurudi nyuma.
Hapo ndipo nikajiuliza swali jingine.
Siyo kwamba haoni huyu.
Anatazama wapi?

Jumapili soko limelala.
Nikaokota magunzi kumi na moja mlangoni mwa ghala,
nikayasimamisha mezani kwa mstari unaokwenda mbali,
la sita nikalipaka wino mwekundu.
Nikalilenga hilo jekundu. Kamera ikalia pi-pi, imeridhika.
Nikakuza picha.
Jekundu: pamba.
La nane: kila kishimo cha punje kinahesabika.

Basi. Lenzi ilikuwa nzima, mkono ulikuwa mzima.
Ila ilikuwa ikipita uso niliouonyesha
na kwenda kutua shubiri moja nyuma.

Nikarudi kwenye harusi, picha moja moja,
sasa nikitafuta nyuma.
Kwa bwana harusi, sikio, na wembe uliposahau.
Kwa Yunisi, pini tatu za shela, moja ina kutu.
Na kwenye keki, nyuma ya bega lake,
Bi Sechelela, mama yake,
pochi ya bintiye kwapani, viatu vyake mwenyewe mkononi,
midomo imegawanyika katikati ya namba:
alikuwa anahesabu sahani.
Jina la kanga yake linasomeka hadi nukta.
Mguu mmoja umepumzika juu ya mwingine.

Nikaisafisha hiyo, nikaiweka juu ya bahasha.
Yunisi alikuja mwenyewe kuichukua.
Akaikalisha mapajani muda mrefu,
lori likapita, jingine likapita.
"Kumbe alivua viatu," akasema.
Kisha akauliza bei ya kuikuza,
na deni la mumewe akalilipa bila kuliita deni.

Usiku nikaingia kwenye menyu, ndani kabisa,
mahali ambapo lenzi husogezwa kwa namba.
Toa tano. Toa nane. Kwa toa tisa
gunzi jekundu likaota meno.

Jumamosi nilikuwa na harusi Pandambili.
Kope moja moja, unga wa uso, jasho la mdomo wa juu,
wamelipa zote, wamenisifu.
Nyuma ya bibi harusi yuko mtu wa kitenge cha kijani,
amebeba kitu kizito kwa mikono miwili.
Nimekuza mpaka picha ikawa vigae.
Sijui ni nani. Sijui amebeba nini.